Chumba Kimoja na Mkwe

Tabora, 8 Januari 2024

Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Sisi wazima.

Ile ramani ya mafuriko ofisini tumeimaliza. Mama, nyumba yako imeangukia kwenye rangi nyekundu, penye hatari. Mwenyekiti wa kijiji akitangaza kwa kipaza sauti, usisubiri, nenda shuleni. Nimekupanga darasa moja na Minza na mumewe, ili mdogo wangu akuangalie.

Mwanao, Leonia

Ipole, 13 Januari

Marahaba mwanangu. Magoti ni yaleyale, ila barua yako ndiyo imeniuma.

Hivi wewe ni Mnyamwezi au uliokotwa? Darasa moja na mkwe wangu! Miaka tisa, mume wa Minza akiniona njiani anakata porini, nami nageuza uso, tunaheshimiana vizuri tu. Leo nivue kilemba nilale mbele yake, kisa ramani ya kompyuta yako? Thubutu! Maji na yaje, sitoki.

Mama yako

Tabora, 16 Januari

Mama, shikamoo. Nimekosa, nimekosa kabisa. Nilihesabu watu na mikeka, nikasahau ukwe. Vyumba vingine vimeshapangiwa watu. Shemeji Jilala ameniambia kwa simu kwamba atalala barazani, wewe ukae ndani. Nakupigia magoti, maji yakifika kwenye choo, toka. Utaniua kwa presha.

Mwanao, Leonia

Tabora, 24 Januari

Mama, uko wapi? Simu yako haipatikani tangu Ijumaa. Wilbroad anayetuletea barua kwa pikipiki amerudi, daraja limekwenda na maji. Leo kwenye picha za setilaiti nimelitafuta bati lako, nimeona maji matupu. Sili, silali. Barua hii inakuja na boti ya uokoaji. Nijibu hata neno moja.

Leonia wako

Ipole, shuleni, 27 Januari

Marahaba mwanangu. Nipo. Nyumba haipo.

Ijumaa ile asubuhi maji yaliingia ndani, nikapanda mezani na ukaidi wangu. Mara nasikia mtu anakohoa nje. Mkwe huyo! Kanipa mgongo, kanirushia kamba bila kugeuka, ncha ya pili kaifunga kiunoni mwake. Akatangulia, nikafuata, maji kifuani. Hata kwenye kufa tulishika adabu.

Tunakaribia kutoka majini, naona gogo linamjia kwa nyuma. Nikapiga kelele, "We baba! Weee!" Hageuki, anaona aibu. Jina lake sijawahi kulitamka tangu aoe kwangu. Nikalitamka.

"Jilala! Geuka!"

Akageuka, akalikwepa, likamchuna bega tu. Tukatazamana macho kwa macho. Ni kijana mdogo, Leonia, na alikuwa anaogopa sana.

Sasa kidonda kimevimba, ana homa, na barazani kunavuja. Nimemwambia Minza na wenzake wamwingize ndani, alale karibu nami nimnyweshe uji. Wazee wanaguna. Waache wagune. Leta dawa, na uje mwenyewe, upesi.

Mama yako