Uzi Uliokataa Kutoka

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Kathiani tuko wazima, na babako amevuna mbaazi. Ati unataka kuacha kemia kwa sababu huelewi mbona atomu ikiwa kubwa, elektroni yake ya nje hung'oka rahisi? Wewe! Hata mimi niliyeishia darasa la tatu naona.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni nilikosea rangi mara mbili kwenye kiondo cha mama mkwe. Uzi wa ukingoni niliuchomoa kwa kidole kimoja. Ule wa katikati ya kitako, nilipoanzia kusuka, ulinikata ngozi na haukutoka. Basi elektroni ya nje ya atomu kubwa iko mbali na kiini, kama ule uzi wa ukingoni ulivyokuwa mbali na kitako.

Lakini mbona ukienda kulia kwenye safu ya lile jedwali lenu la elementi, elektroni inashikwa zaidi? Nimewaza nikichambua maharagwe, nimeshindwa. Usiache kemia kabla hujaniambia.

Mimi susu yako