Picha Isiyo na Kitu

2 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Mimi mzima, goti tu linanikumbusha umri. Mdogo wako Kitinda anapanda basi kesho kuja hospitalini kwenu, na kichwa chake chenye mishipa iliyosokotana. Picha alizopigwa alipoanguka zilikuwa nyingi, nimekuchagulia ile nzuri kuliko zote, anakuletea: mishipa imejaa kama mizizi ya mti. Ilikuwa inaning'inia sebuleni. Mgeni akishangaa, namwambia, "Binti yangu husoma hizi kama wewe unavyosoma bango." Hata mama wa dukani alinyamaza, na yule hanyamazi bure.

Usinifiche lolote.

Mama yako

9 Februari

Mama, shikamoo.

Kitinda amefika, anakula na kunitania. Mama, picha nyingine ziko wapi? Hii nzuri ni ya mwisho, ile dawa ya rangi aliyodungwa ili mishipa ionekane ilikuwa imeshaenea. Mishipa inayorudisha damu imejaa na kukifunika kifundo kibovu, pale ilipoanza kusokotana. Madaktari wanataka kupiga mionzi kifundo chenyewe tu. Mashine ya sumaku, inayopiga picha bila dawa hiyo, imetuonyesha kimekaa jirani na sehemu ya kusemea, lakini mpaka wake unaonekana vizuri kwenye picha za mwanzo tu, kabla dawa haijaenea, zile unazoweza kudhani ni tupu. Kumdunga dawa ile tena daktari anaogopa. Unakumbuka koo lilivyomvimba.

Tafuta, mama. Upesi.

Mwanao

12 Februari

Mwanangu,

Salamu baadaye. Zile tupu nilimpa fundi cherehani! Anazitumia kupimia kola, maana hazikunjiki. Nimemkimbilia na viatu visivyofanana. Akaniuliza, "Mama Daktari, si ulisema takataka?" Nikamjibu, "Takataka ni huu mdomo wangu." Tumepekua kapu lake lote. Imepatikana moja, nayo keshaikata kola. Naitazama dirishani naona ukungu tu. Mkasi umepita wapi, mwanangu? Nampa dereva wa basi sasa hivi. Nimemwambia amebeba kichwa cha mtoto wangu.

Nijibu hata neno moja.

Mama

19 Februari

Mwanangu,

Sijui kama mu wazima, ndiyo maana nauliza. Kimya chako kinanila. Watu wakiuliza nasema mambo ni mazuri, mdomo umezoea.

Mama

21 Februari

Mama, shikamoo.

Nisamehe, sikutaka kuandika kabla ya kuwa na uhakika. Kola ilifika. Kifundo kimo. Mkasi umekikosa kwa upana wa ukucha. Tumeilinganisha na picha za sumaku, zimekubaliana, mpaka tumeuchora. Jumanne atafungwa fremu kichwani asitikisike, apigwe mionzi. Lakini hakitaondoka siku hiyo, mama. Kitanyauka polepole, miaka miwili au mitatu, na hadi hapo kinaweza kuvuja damu wakati wowote.

Kitinda anasema usimwambie mtu.

Mwanao

24 Februari

Wanangu,

Barua nimeisoma mara mbili. Nimemwambia mtu mmoja tu, mama wa dukani. Yaani mtaa mzima. Kitinda anisamehe.

Msumari wa sebuleni nimeuacha bila kitu. Wageni wanauliza, nami kwa mara ya kwanza sina la kuringia; nasema tunangoja. Kikishanyauka, mpigeni nyingine kwa hiyo sumaku yenu, mniletee niitundike.

Safari hii naitaka ile tupu.

Mama yenu