Kikohozi cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Kijisanduku cha Baba, kile nilichomwekea sauti ya Mama aliyoirekodi akiwa hai, kinaamka kwa kujivuta mno. Anabonyeza, anasubiri, anasahau kwamba alibonyeza. Ndipo sauti ya Mama inatoka: Mzee wangu, dawa umekunywa? Naye anajibu mbio, nakunywa sasa hivi, mke wangu! Mwaka wa pili huu tangu tumzike, na bado anamtii yeye tu. Nikimpa mimi kidonge, anakitema.
Nitakiharakisha. Kazini nalipwa kuandika programu za kuamsha mashine — ya nyumbani itanishinda?

Jumanne, 4 Machi
Nimewasha kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ubavuni mwa prosesa. Kinaamka chap! Halafu nikahamisha rekodi za Mama kutoka kadi ya zamani hadi chipu ya ndani. Skrini ikajaa onyo: anwani haijapangwa sawa, haijapangwa sawa, haijapangwa sawa. Makelele! Nikalizima. Kimya. Raha mustarehe.
Kadi nimeifuta, nikaitia kwenye kamera ya kaka. Alikuwa anaililia siku nyingi.

Alhamisi, 6 Machi
Baba kagoma dawa tangu jana. Eti Mama anakohoa. Nikamwambia taratibu, Mama amepumzika, Baba. Akaniuliza kama nina masikio au mapambo.
Nikabonyeza. Mzee wangu, da — kh — wa umeku — kh — nywa?
Nikakaa kitandani kwake.

Ijumaa, 7 Machi
Sikwenda kazini. Nimelipata kosa, na ni langu peke yangu.
Kashe hubeba data kwa trei nzima nzima, kama mayai. Haijui yai moja moja. Bafa yangu, sehemu ya kupokelea data ya kadi, ilianzia katikati ya trei. Dereva, yaani programu inayosoma kadi, ilipofika kwenye trei za pembeni zilizojaa nusu ikaziruka, zikabaki na takataka ya zamani. Kila kipande cha sauti ya Mama kikaingia na ncha mbovu. Nami nikaviandika hivyo hivyo kwenye chipu!
Tiba yake mstari mmoja: bafa ianze mwanzo wa trei. Onyo lilikuwa linaniambia hilo hilo. Sasa dereva inasoma sawasawa kabisa — inasoma sawasawa kilichoharibika.
Nikampigia kaka. Kadi imejaa video za wanawe wakicheza mpira. Akauliza kama sikuweka nakala, si mimi ndiye mtaalamu, dada? Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Nimeshinda nikikatakata vikohozi kwenye kompyuta. Nikivitoa, maneno yanatoka navyo. Mzee wangu, wa umeku. Nimeacha. Najuta, Mama.
Baba amepanga vidonge vyake vyote mbele ya kijisanduku. Anasema apewe Mama kwanza, mgonjwa ni yeye.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi. Naandika nimesimama jikoni. Baba amevaa koti na viatu, mwenyewe, jambo ambalo hajaliweza tangu mwaka jana. Yuko mlangoni. Kijisanduku amekifunga kwenye sweta la Mama, amekipakata.
Ananiita. Mwanangu, washa gari, mama yako amekohoa usiku kucha, humsikii?
Namsikia, nimemwambia. Funguo ninazo mkononi.