Insha Mbili Ndani ya Biblia

Jumatatu, 12 Mei
Nimesali dakika kumi na mbili mstarini asubuhi. Rekodi! Mada: unyenyekevu. Mwalimu Arkorful wa Hisabati alikuwa anatazama saa, maskini. Baadaye Madam Asamani, mwalimu mkuu wetu, kaniita ofisini. Jumapili ni Siku ya Walimu kanisani. Darasa langu litaandika insha, “Mkristo mwema ninayemjua”. Nitachagua iliyo bora na kuisoma mwenyewe mimbarini. Akina mama wa kanisa watampa mshindi sanduku la bati na kasha la chakula, vya kwenda navyo bwenini sekondari. Wiki inayofuata wazee wanachagua katekista mpya, cheo ninachokitamani. Madam hakusema kwamba mambo hayo yanahusiana. Nimeyahusisha mimi.

Jumanne, 13 Mei
Nimewapa watoto mada. Nikawakumbusha kwamba Mkristo mwema anaweza kuwa karibu kuliko wanavyodhani, hata humu darasani. Kisha nikatembea mbele yao taratibu. Sikumlazimisha mtu.

Jumatano, 14 Mei
Insha arobaini na moja. Anti Ekua, anayeuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, getini: ishirini na tatu. Bibi zao: kumi. Mlinzi: sita — yule anayelala! Yesu: moja. Huyo nimemkata alama, mada ilisema “ninayemjua”.
Mimi: moja. Ya Kojo Essilfie. Ananiita nuru ya mji huu. Lugha mbovu, koma hakuna, lakini ina ukweli. Kumi na nane kati ya ishirini.

Alhamisi, 15 Mei
Za Anti Ekua nilizihesabu tu jana, leo nimezisoma. Ya Araba Dadzie — afadhali ningeiacha. Siku moja alichelewa kwa sababu alimpeleka bibi yake zahanati. “Mwalimu Quansah alinipigisha magoti kwenye kokoto, akasali. Sala ilihusu huruma. Ilikuwa ndefu. Baadaye Anti Ekua alipasua kifuko cha maji ya kunywa akaniosha magoti. Hakuniuliza kosa langu.”
Hakuna hata kosa moja la tahajia. Nimetafuta.
Ile sala naikumbuka vizuri, nilijipongeza hadi jioni. Mtoto simkumbuki kabisa. Hilo limeniuma sana, na naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna msomaji.
Nimempa kumi na moja. Mwandiko.

Ijumaa, 16 Mei
Arkorful kaiona insha ya Araba mezani kwangu, akaisoma yote amesimama. Nilitarajia kicheko. Hakucheka.
“Kaka, si hii ndiyo utakayosoma?”
Nikamwambia bado naliombea jambo hilo.
“Basi leo omba kwa kifupi.”
Madam naye anasema Araba atafaulu mtihani bila shaka, ila bweni halimpokei mtoto asiye na masanduku yake. Bibi yake ameshamtafutia fundi cherehani wa kumfundisha kazi. Baba yake Kojo anauza samaki wa barafu. Kojo ana masanduku mawili tayari.

Jumamosi, 17 Mei
Nimefanya mazoezi ya kusoma insha ya Araba sebuleni, nikaweka “mwalimu mmoja” mahali pa jina langu. Mke wangu Efua alikuwa anamenya mihogo. Kasema kila mtu atajua, kwani nani mwingine anasali hivyo? Akaendelea kumenya. Nimefuta jina, nimelirudisha, nimelifuta tena. Karatasi imetoboka.

Jumapili, 18 Mei
Kanisani. Benchi la mbele, suti ya bluu. Kwaya inaimba, mimi naandika. Mzee mmoja anadhani nanukuu mahubiri, kanitikisia kichwa kwa kuridhika. Insha zote mbili zimo ndani ya Biblia. Ya Kojo iko juu. Hapana — nimeweka ya Araba juu.
Nyuma yangu yuko Anti Ekua na kitambaa chake cheupe, Araba kando yake. Binti alipokuja kunisalimia nilimtazama magoti. Kovu lipo, goti la kushoto. Sanduku la bati liko chini ya mimbari, jekundu, na kufuli yake.
Kwaya imekaa. Madam ametaja jina langu. Makofi. Mchungaji ananiashiria kwa mkono. Ya Kojo iko juu tena, sijui niliigeuza saa ngapi. Madam amerudia jina. Araba ameinama mbele kuniambia kwa sauti ndogo, “Mwalimu, unaitwa.” Nimesikia. Sina tena cha kuandika, naandika tu ili nisisimame