Neno Lenye Hatukuimba

Jumatatu, 3 Machi. Kibabi
Repetisyo, mazoezi ya korali. Ma-alto wanachelewa kuingia, kama kawaida. Mama Joli peke yake njo anashika tempo. Kamba ya gitaa imekatika, nimefunga waya ya breki ya baiskeli. Inalia vibaya, lakini inalia.

Jumatano, 5 Machi
Wenye silaha wa kule kilimani wameniita. Komanda wao anataka wimbo ya siku ya soko. Kwanza sifa zake. Kisha beti ya kusema watu wa luga ya Mama Joli iko nyoka, waondoke.
"Papa Amani, watu wanakupenda. Wataamini kinywa yako."
Bunduki ilikuwa juu ya meza. Nilisema ndiyo. Nasikia haya.

Alhamisi, 6 Machi
Melodi imekuja mbiyo. Iko muzuri kuliko zote nilizomutungia Mungu. Hiyo njo inaniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesomea korali maneno. Tumeimba na Mama Joli tangu ujana. Alizika bwana yake, Jumapili yake akaja kuimba. Nilimuambia asikuje sokoni.
"Nikikosa, watauliza sababu. Nitakuja."
Bibi, muke wangu, anasema tuimbe tu, aibu haiuwe muntu. Sijui.

Jumanne, 11 Machi
Soko. Sifa tumeimba zote. Kufika kwa neno "nyoka", Mama Joli alifunga kinywa, akaendelea na melodi kwa pua tu. Hatukupatana vile. Sauti za juu zikamufuata, kisha sisi wote. Beti nzima bila neno hata moja. Wauzaji waliacha kupima maharagi. Komanda alicheka kwanza, alizani iko mutindo. Kisha akaacha kucheka.
Sikuwahi kuogopa vile. Sikuwahi kusikia korali nzuri vile.

Jumatano, 12 Machi
Wamenivunja vidole vya kushoto na kitako cha bunduki. Naandika na kuume. Mama Joli wamemuchukua. Hajarudi.

Jumapili, 16 Machi. Njiani
Tumekimbia. Pori, matope, mvua. Bibi anabeba vitu vyote, miye nabeba mukono wangu. Watu wenye kutoka nyuma wanasema walimukuta Mama Joli mu muto, amekufa. Nimemukasirikia Mama Joli. Angeimba tu! Kisha nimejikasirikia miye, mwenye kutunga.

Alhamisi, 27 Machi. Ntoto
Familia moja imetupa chumba. Vidole vimeshikana vibaya, havikunjike tena.
Asubui nilienda kuchota maji. Mama mumoja wa hapa alikuwa anaimba melodi yangu. Neno "nyoka" liko ndani. Kumbe watu wa komanda walitafuta waimbaji wengine, wakarekodi. Nilimuuliza aliitoa wapi.
"Mu telefone, papa. Iko tamu, hein?"
Bidon yake ya maji ilijaa. Nilimutwika na mukono muzima. Akapanda njia, anaimba.