Mwaka wa Kuzaliwa wa Jerry Sitati

Langalanga, Nakuru
9 Februari 2025

Mpwa wangu Jerry,

Habari ya huko kwa baridi? Sisi huku tuko wazima, shida ni vumbi tu na hili jua la Februari. Mama yako Milcah nilimwona Jumapili, alipanda kutoka Naivasha baada ya zamu yake kwa shamba la maua. Mgongo unamsumbua lakini bado anacheka. Mimi ni masikio yale yale. Mashine za kiwandani ziliyamaliza, ndiyo maana nakuandikia hizi barua kwa simu. Ukinipigia nitaitikia "eeh" tu, hata ukiniambia nyumba inaungua.

Sasa sikiliza. Njoki, yule msichana wa saiba, duka la intaneti hapa chini, amenionyesha kwamba uko kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuandika. Nilifurahi mpaka nikatafuta kiti. Lakini kusoma sasa, ni aibu. Mistari mitatu, kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Hawajasema ulianzia uwanja wa Kivumbini bila viatu. Hawajamtaja marehemu baba yako. Na mwaka wa kuzaliwa wamekosea kabisa, eti 2003. Hiyo 2003 mimi ndiye nilikuwa nakushika mkono nikikupeleka nasari.

Njoki amenifungulia akaunti. Nimerekebisha, nikaweka 1998. Kesho yake wamerudisha 2003, wanasema sina chanzo. Nimeweka tena, wametoa tena. Hao watu hawanijui. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuacha uwongo ukae juu ya jina la mtoto wetu.

Kula vizuri, na ufunge kifua.

Mjomba wako,
Hezekiah


Uswidi
2 Machi 2025

Mjomba,

Habari yako, na habari ya masikio? Mimi niko poa, namshukuru Mungu. Goti limepona na theluji imeanza kupungua. Samahani nimekawia, huku mambo ni mbio.

Nikwambie kitu, na usimwambie mtu. Kuna klabu kubwa ya Ujerumani inanitaka. Wanatafuta winga kijana wa kukuza, na wameniona. Ajenti anasema kufika Juni nitakuwa nimetia sahihi. Nikitia sahihi, mama anaacha hayo maua siku hiyo hiyo. Maisha yangu yote nimengojea hii kitu, mjomba. Niombee.

Hiyo kazi ya ensaiklopidia, asante. Andika ya Kivumbini, andika ya baba, hata uandike vile nilikuwa naiba maandazi yako. Lakini ya mwaka achana nayo. Wacha ikae vile iko. Kuna sababu, na si ya kuandikwa kwa simu. Nikija Desemba nitakupeleka Kikopey, tuweke mbuzi choma katikati yetu, nikuambie yote.

Nisalimie Njoki.

Mpwa wako,
Jerry


Langalanga
27 Machi 2025

Mpwa wangu Jerry,

Salamu katika jina la Bwana. Mvua imenyesha hatimaye, na mahindi ya jirani yameanza kuchungulia. Sisi wazima. Hiyo habari ya Ujerumani naiombea asubuhi na jioni, na sijafungulia mtu mdomo.

Barua yako ilinichekesha. Wewe tangu utotoni ni mtu wa kudhulumiwa na kunyamaza. Mtu anakukanyaga, wewe unamwomba msamaha kwa kuweka mguu hapo. Basi mimi nimekupigania.

Walitaka chanzo, nimewapa chanzo. Nilijiuliza, Mbukusu anahesabiwa kwa nini? Si kwa karatasi. Siku ya kuzaliwa mtu anaweza kuisahau, lakini mwaka wa kisu haumpotei. Sisi hutahiri mwaka mmoja tukaruka mmoja, na kila mwanamume anajua alisimama mwaka gani na alisimama na nani. Wewe ulisimama Agosti 2010 kule Chwele, ukiwa na miaka kumi na miwili. Ng'ombe alikuwa wangu mimi mjomba, na ile nyama ya kifua nilikuvisha shingoni kwa mikono hii, kama desturi yetu. Picha ninayo, mimi na wewe. Tarehe ya kamera imejiandika pale kwa kona.

Njoki ameiweka kwenye ukurasa wako, na chini yake tumeandika: Jerry Sitati, miaka kumi na miwili, akijiandaa kutahiriwa, Agosti 2010. Wameona picha wakanyamaza. Tangu siku hiyo 1998 yetu imekaa, hakuna aliyeigusa. Nimetembea barabarani kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mjomba wako,
Hezekiah


Uswidi
11 Aprili 2025

Mjomba,

Leo sina salamu. Umenichomea.

Pasipoti yangu inasema 2003. Ile akademi iliyonichukua pale Nakuru iliniambia wazi kwamba kijana wa miaka ishirini hauziki Ulaya, wa kumi na mitano anauzika. Mama akaenda akaapa mbele ya karani, nikapata cheti kipya. Hatukukuambia wewe kwa sababu tulijua ungekataa, na ungekataa kwa sauti, kanisa zima lisikie.

Wajerumani wana mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza wachezaji. Amefungua ukurasa, ameona picha, amefanya hesabu. Kwa pasipoti nilikuwa na miaka saba siku ile. Kwa picha nimekufika begani. Wamesimamisha kila kitu, na wameandikia klabu yangu ya hapa. Jana niliitwa ofisini nikaulizwa nimezaliwa lini. Mtu mzima, nimeulizwa nimezaliwa lini, nikatazama viatu.

Nilikuambia uache. Nilikuambia.

Toa hiyo picha. Toa kila kitu ulichoandika. Leo, tafadhali.

Jerry


Langalanga
4 Mei 2025

Jerry mwanangu,

Sijui nikuulize habari kwa mdomo gani.

Siku ile ile nilikimbia kwa Njoki tukatoa picha. Wakairudisha. Tukatoa tena, wakairudisha. Hapo ndipo Njoki akanionyesha kitu ambacho sikuwa nakijua. Nyuma ya ukurasa wako kuna ukurasa mwingine, na kila neno nililowahi kuandika liko pale, na saa yake, na jina langu. Ukifuta mbele, nyuma linabaki. Nilikuwa nadhani ni kama ubao wa shule.

Halafu nikafanya kitu kingine. Nikaandika kwamba yule mtoto wa kwenye picha si wewe, ni mtoto wa jirani. Mimi Hezekiah nimedanganya dunia nzima kwa jina langu kamili, na hata uwongo wenyewe haukusaidia. Wamenifungia akaunti, wananiita mharibifu. Magazeti nayo yamechukua habari. Sasa ukurasa wako una sehemu nzima inaitwa Utata wa Umri, ni ndefu kuliko yale mabao yako yote, na chanzo chao ni mimi.

Mama yako hasemi na mimi. Kanisani anakaa upande wa pili, na ibada ikiisha anatokea mlango wa nyuma. Nimemwambia mchungaji nipumzike uzee wa kanisa kidogo.

Najiuliza kwa nini hamkuniambia. Lakini ukweli ni kwamba uliniambia niache, na mimi nikacheka. Nisamehe. Hata kama huwezi, niandikie kwamba huwezi, nijue uko.

Mjomba wako,
Hezekiah


Langalanga
20 Julai 2025

Jerry,

Nimeandika mara nyingi, hujajibu. Naona tu tiki zinageuka buluu, ishara kwamba umesoma, nashukuru hata kwa hizo.

Habari zako nazipata kwenye ule ukurasa. Nausoma kila asubuhi kabla ya chai, kama wengine wanavyosoma vifo gazetini. Hapo ndipo nilijua umefungiwa kucheza miaka miwili. Hapo ndipo nilijua klabu imekuacha. Palipokuwa na "anachezea" wameweka "alichezea". Mtu fulani nisiyemjua, ameketi mahali fulani, amekumaliza kwa herufi chache.

Sasa juu kabisa wameweka ilani. Wanataka kuufuta ukurasa wote, wanasema hujafanya makubwa ya kutosha mtu kuandikwa. Wanajadiliana. Njoki anasema anaweza kuingia akutetee, na anajua la kusema. Wakiufuta, na ile picha inaondoka nao, na yale magombano. Lakini na wewe unaondoka.

Sitagusa kitu kabla hujasema. Niambie tu, akutetee au tuwaache?

Mjomba wako,
Hezekiah


23 Julai 2025

Mjomba,

Wacha wafute.

Nimepata kazi ya ghala, usiku, na vijana ambao hawajui mpira. Wananiita jina lingine. Nyumbani sirudi, sitaki kuja kuangaliwa. Mama usimwambie kitu, nitamtumia chochote nikipata.

Laini hii naizima.

Mpwa wako


Langalanga
17 Agosti 2025

Mpwa wangu Jerry,

Najua hii haitafika. Ile ya jana bado ina tiki moja. Naandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Walifuta. Nilitafuta jina lako, nikaambiwa hakuna ukurasa wenye jina hilo, na kama nataka naweza kuuanzisha mimi. Nilicheka peke yangu mle saiba, Njoki akafikiri nalia, na hakukosea sana.

Leo mama yako amekuja nyumbani. Hakusalimia. Alikaa karibu na mlango na mkoba wake magotini, akasema kule shambani wanawake wanamwambia mwanawe yuko kwenye mtandao, na yeye simu yake ni ya kubonyeza, hajawahi kusomewa hata siku moja. Akaniambia nimsomee.

Sikuweza kumwambia ukurasa umefutwa, Jerry. Nimeshindwa. Nikashika simu, haina kitu, nikavaa miwani nikaanza kusoma kutoka kichwani. Nikasema Jerry Sitati ni mchezaji wa kandanda kutoka Nakuru, Kenya. Nikasema anachezea klabu ya Uswidi. Nikafika kwa kuzaliwa, nikasema amezaliwa mwaka wa elfu mbili na tatu, ule aliouapia yeye mbele ya karani.

Akanitazama. Halafu akaniambia nirudie hapo, na mimi nikarudia.

Mjomba wako,
Hezekiah