Sauti ya Aliakber Mpaka Jumapili

Mtaa wa Madukani,
Kilindoni, Mafia.
Jumanne, 10 Septemba 2019

Mpendwa dada Aleena,

Kaka yako Aliakber ataondolewa zoloto Jumatatu ijayo, tarehe 16, Dar es Salaam. Aliyesema ni daktari wake, Ijumaa saa tano asubuhi, kwa simu, nami nikisikiliza. Saratani haijatoka nje ya koo. Akipasuliwa sasa ana nafasi nzuri ya kuishi. Akiishi, hatasema tena kwa sauti yake.

Nisamehe nimetanguliza habari kabla ya salamu. Miaka thelathini na nne ya gazetini imeniharibu adabu. Assalaam alaykum, na shikamoo, dada yangu. Goti linaendeleaje? Jirani yako Zenab alituambia unapanda ngazi kwa kupumzika. Huku sote tu wazima isipokuwa huyo mmoja. Mimi mgongo tu, na uchovu ambao usingizi hauumalizi.

Nimekupigia mara tatu tangu Ijumaa, ukakata. Sikulaumu. Ndiyo maana naandika: Zenab anaruka Alhamisi kurudi Muscat na barua hii atakukabidhi mkononi.

Najua umekataa kusikia habari za Aliakber tangu siku ya tatu ya matanga ya baba yenu, mwaka 1998. Nilikuwepo. Wageni walimbembeleza awaigizie Mzee Ratili, yule muuza duka mchoyo aliyekuwa akimwigiza kwenye mchezo wa redio, naye akakubali. Wewe ulikuwa chumba cha pili na wanawake, ukasikia sauti ya marehemu inatoka barazani. Kiswahili chake kile kile cha kuvunjikavunjika, kikohozi kile kile. Tangu siku hiyo hujasema naye. Imetimia miaka ishirini na moja.

Lipo jambo nililopaswa kukuambia siku ile ile, nikanyamaza. Mwaka 1984 nilikuja likizo, nikamkuta ami, baba yenu, yupo peke yake dukani, redio imewashwa, Ratili anamuuzia mtu sukari. Nikadhani nitamkuta ameona aibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile Ratili napunja. Mimi hapana punja mtu. Ambia Aliakber natengeneza."

Ujumbe niliufikisha. Aliakber aligombana na mtunzi wa mchezo kwa wiki mbili, akashinda. Kuanzia Novemba ya mwaka ule Ratili aliendelea kuwa mchoyo, mbishi na mwoga wa mkewe, lakini hakumpunja mtu tena. Wasikilizaji hawakugundua. Baba yenu aligundua. Kila Alhamisi jioni, saa ya mchezo, aliendelea kufunga mlango mmoja wa duka na kuvuta kiti karibu na redio. Sitakuambia alifurahi, kwa sababu sikumuuliza. Nakuambia alisikiliza, kila wiki, miaka kumi na minne.

Sasa kuhusu kazi yake baada ya redio, ambayo najua umeisikia kwa vipande. Alirudi Mafia 1999, hifadhi ya bahari ikiwa na miaka minne na maneno mengi. Alikuwa amemchoka Ratili. Alitaka kuzungumza na watu juu ya uvuvi wa baruti, matumbawe na mayai ya kasa kwa Kiswahili chake mwenyewe, hiki cha Kilindoni alichozaliwa nacho. Kisiwani Chole walimsikiliza dakika kumi, mzee mmoja akauliza, "Huyu ndiye? Mbona hachekeshi?" Kisiwani Juani walimwambia bahari si duka la babake. Miaka miwili alizunguka hivyo. Mwishowe akawapa Ratili, nao wakakaa mpaka mwisho. Ratili amenunua samaki wa baruti, Ratili hapati miiba wala nyama, Ratili analia mbele ya mkewe. Kazi ikaenda. Usiniulize baruti imepungua kwa ajili yake au kwa ajili ya doria. Sina takwimu za kutenganisha.

Mwaka huu Juani walikubali kufunga mwamba wao wa pweza miezi mitatu, kuanzia tarehe mosi Julai. Hakuna kuchokoa pweza mashimoni mpaka tarehe 30 Septemba, maji yakitoka sana kwa bamvua la mwezi mwandamo. Mbishi mkubwa alikuwa Somoe, kiongozi wa wanawake wanaochokoa pweza. Alimpinga miaka minne. Sasa yeye ndiye anayefukuza wezi pale mwambani, na siku ya kufungua, Aliakber ndiye angesema neno.

Jumamosi tulivuka kwenda Juani kuwaeleza kwamba hatakuwa na sauti siku hiyo. Aliongea mwenyewe, kwa kukwaruza, dakika tatu. Shaabani, mwenyekiti wa kamati ya pweza, aliwaita wenzake pembeni, wakarudi na jawabu.

"Mzee Ratili," alisema, "bamvua la mwezi mpevu ni Jumapili ijayo. Tutafungua siku hiyo. Unasema yako, Jumatatu unaenda kwa daktari wako na moyo mweupe."

"Daktari ananitaka hospitali Jumapili," alisema Aliakber.

"Basi Jumamosi. Maji yatatoka, hata kama si sana."

Walikuwa wanampa heshima kubwa waliyonayo, Aleena, na kila mtu pale alijua. Aliakber alimgeukia Somoe.

"Pweza wa sasa ana uzito gani?"

"Kilo hajafika," alisema Somoe. "Akiachwa mpaka thelathini atafika mbili, tatu. Lakini pweza atazaliwa mwingine, babu. Wewe tutakupata wapi?"

Aliakber alikunywa maji. Kisha akawajibu kwa sauti ya baba yenu, hafifu, ila kila neno likasikika. "Mimi naagana tarehe selasini, veve naleta kumi na nne? Hiyo napunja mimi. Toka kwa duka yangu."

Watu walicheka sana. Shaabani alicheka mpaka akakaa chini. Somoe hakucheka.

"Haya, thelathini," alisema. "Na wewe uje hivyo hivyo bila sauti. Tutakutazama."

Mwamba hautafunguliwa kabla ya tarehe 30. Upasuaji haukusogezwa, ingawa usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameniambia ataomba usogezwe mpaka Oktoba. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye njia nzima ya kurudi. Haikuhitajika.

Kwenye boti nilimuuliza kama ana neno kwako. Jibu lilikuja tukikaribia kushuka Utende.

"Mwambie apige," alisema. "Sitamwigizia mtu."

Ndilo agizo lote, sikuongeza wala kupunguza. Hakuomba msamaha kupitia kwangu, na nadhani hataki kuuomba kwa mdomo wa mtu wa tatu. Mimi nimebeba ujumbe wa familia hii tangu 1984, na huu nimeufikisha. Wa ami nilikucheleweshea. Hilo ni kosa langu, si lake.

Wifi yako Shabina anakusalimu sana. Ndiye atakayelala naye hospitali. Javed mwanao wa kaka atawapokea uwanja wa ndege, naye anauliza kama shangazi bado anapika sambusa za papa. Somoe humjui, lakini aliposikia nakuandikia alisema nikupe salamu zake.

Mola akupe afya ya goti na wepesi wa moyo, na atukutanishe tungali tunatambuana sura.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, nisiyejua kuandika kwa ufupi,

Karmali

N.B. Wanaondoka Mafia Jumamosi kwa ndege ya asubuhi. Namba ya Shabina nimeiandika nyuma ya bahasha. Simu itakuwa kitandani kwa Aliakber mpaka Jumapili tarehe 15, saa tatu usiku kwa saa zetu, ambayo kwenu Muscat ni saa nne. Jumatatu saa mbili asubuhi anaingia chumba cha upasuaji.